Mgomba wa Kimo cha Wafula

Shauri Moyo, Nairobi
4 Februari 2024

Dada Nangila,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kuondoka ghafla kwa sabuni yangu ya kuogea, iliyotwaliwa dirishani Jumanne asubuhi na kunguru anayekaa juu ya paa la Teresiah. Ilikuwa changa. Ilikuwa imeogesha mtu mmoja tu, mara moja. Imeacha kisahani, taulo na mimi. Hakutakuwa na ibada kwa kuwa mwili haujapatikana. Habari ziwafikie wote walioifahamu popote walipo, hasa walioko Elgesa, ambako nasikia kuoga ni jambo la msimu.

Baada ya tangazo hilo, salamu nyingi. Mimi sijambo, ila mgongo una maoni yake. Masanduku ya bati ya watoto wa bweni yalikwisha Januari, sasa nagonga majiko mpaka masikio yananilia hata Jumapili kanisani. Jirani yangu Teresiah anakusalimu. Bado anauza makoti Gikomba, na bado ananishangaa. "Patrobas," aliniambia juzi, "mtu mzima umekaa kwa ngazi na darubini ya mtoto, unaangalia kunguru. Si utafute bibi? Bibi angekuangalia wewe." Nikamwambia niliyekuwa naye aliniangalia vizuri sana, ndiyo maana akaondoka. Kile kitabu changu cha ndege, kile kisicho na jalada nilichotoa kwenye marundo ya mitumba, kinasema kunguru hupenda mafuta. Hakikusema kama ana ndoo ya kuogea.

Krismasi nilikuwa nyumbani Bungoma. Mama hajambo. Anakohoa kidogo, ni vumbi la mahindi.

Sasa nimezunguka vya kutosha kama mwewe juu ya bucha, acha nitue. Baba Mdogo aliita kikao. Alisema ni miaka minne tangu Novemba 2019 gari la Elgesa liliposombwa na maji, ndugu yetu Wafula akiwa kwenye usukani. Yule bibi mgeni ambaye Wafula alikuwa amempeleka kuona ndege, mwili wake ulipatikana, ukarudishwa kwao. Wa Wafula haukupatikana. Wazee wanasema mtu haachwi nje miaka yote kama kuku aliyesahauliwa. Desemba hii wanataka tumzike kwa mgomba, kama desturi yetu ilivyo kwa mtu aliyeliwa na maji au vita: kaburi lichimbwe, mgomba uvishwe shati lake, ulazwe, uliliwe. Watoto wote wa Mama wawepo, wanyolewe. Watoto wote waliobaki ni mimi na wewe.

Ulikwenda kupika huko jangwani ili umtafute. Umetafuta. Sema neno.

Barua hii anaibeba Nuradin wa ofisi ya mizigo Eastleigh, kwa basi la Marsabit. Kutoka hapo itangoja lori lenu la maji. Simu yako naijua. Inapatikana ukiwa kilimani, upepo ukikubali.

Kaka yako,
Patrobas


Hifadhi ya Elgesa
9 Machi 2024

Kaka Patrobas,

Salamu nimepokea. Mimi mzima. Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni, tukacheka na wenzangu mpaka pale penye maneno "mwili haujapatikana". Hapo nikaikunja nikaenda kuisoma peke yangu. Usiufanyie mzaha mwili.

Huku joto limezidi. Mbithi, msimamizi wetu, ameleta jokofu la nguvu za jua ambalo jua likiwa kali linazimika. Wageni ni wachache. Juzi walikuja wanne kutoka ng'ambo kumtafuta kipozamataza wetu, yule ndege mdogo wa rangi ya jiwe anayekaa juu ya mawe ya rangi yake. Walishinda wakitazama mawe. Jioni mmoja akarudi analia kwa furaha. Nikamuuliza mwongozaji, "Amemwona?" Akasema, "Anaamini amemwona." Nikawapa supu.

Kuhusu mgomba: hapana.

Ni Baba Mdogo mwenyewe aliyetufundisha tukiwa wadogo kwamba mtu akishazikwa hivyo, hata akitokea mlangoni na miguu yake, ni maiti. Hapokewi. Anapitishwa nyuma ya nyumba, kondoo achinjwe, wazee wamwoshe, apewe jina lingine. Mpaka hayo yaishe mama yake haruhusiwi kumshika hata mkono. Na ninyi mnataka kumfungia mlango mtu ambaye hamjui yuko wapi.

Mwambie Mama asikubali. Mwambie ni mimi nimesema. Usiniulize zaidi, ugali uko motoni.

Nangila


Shauri Moyo
12 Mei 2024

Dada Nangila,

Natumaini ugali uliiva.

Sisi tumelowa. Mvua hii imekuja na hasira za watu. Mto Mathare uliingia nyumbani mwa watu usiwaachie hata sufuria; Triza wa kwaya yetu analala darasani na wanawe, na bado Jumapili alikuja akaimba sauti ya kwanza. Mimi paa langu linavuja mahali pamoja tu, juu ya kitanda.

Nilishuka kule bondeni na wanaume wa kanisa kupeleka blanketi. Kongoti walikuwa wamesimama ukingoni, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wametulia kama wazee wa baraza wanaongoja chai. Kitabu changu kinasema wanakula mizoga. Sikutaka kukiamini siku hiyo. Palikuwa na mtu anatafuta ndugu yake. Alikuwa na fimbo, anachoma matope, anachoma, anahamia mbele anachoma. Akapata kiatu. Akakitazama, akakiosha kwa maji yale yale machafu, akakibeba kifuani kama mtoto. Hakutafuta tena. Nikaona kwamba mwenye kiatu ana kitu cha kupeleka nyumbani.

Umesema Mama asikubali. Nangila, Baba Mdogo ni mdomo tu. Anayetaka ni Mama. Yeye ndiye aliyemwita, yeye ndiye aliyechagua Desemba, hataki kusikia mwakani. Kwa nini anaharakisha, sijui. Wazee wana saa zao.

Mimi niko katikati, nanyoshwa kama bati. Basi nimeamua nije. Agosti kazi hupungua. Nije kama wageni wengine, nimwone huyo kipozamataza, niwaone hao wanyama wa jangwani ambao huwa nawaona kwenye kalenda, na niuone huo mto wenu mnaouita laga, uliomchukua ndugu yetu. Nikiuona kwa macho yangu nitajua nisimame na nani. Ndege wa Eastlands nimewamaliza: kunguru, mwewe, kongoti, na jogoo wa Teresiah ambaye hawezi kuruka lakini anajaribu.

Patrobas


Elgesa
23 Juni 2024

Kaka,

Salamu. Pole kwa paa. Mpe Triza pole zangu.

Kama ni kuja, njoo. Nimemwomba Mbithi, utalala kwenye banda la wafanyakazi. Vaa viatu, si ndala, kuna nge. Leta majani ya chai na viberiti. Mchana usitembee. Usiwabishie waongozaji kwa hicho kitabu chako, nusu ya kurasa zimeungana kwa uji.

Jambo moja. Ukifika, usiwaulize watu wa hapa habari za Wafula. Ni watu wa heshima, watakupa jibu la kukufurahisha, nawe utarudi kwa Mama na maneno ambayo hayana mwenyewe. Ukitaka kujua kitu niulize mimi.

Mama anaendeleaje na kifua? Februari ulisema ni vumbi la mahindi. Mei hukusema kitu. Mahindi hayavunwi mwaka mzima.

Nangila


Shauri Moyo
8 Septemba 2024

Dada yangu Nangila,

Nilifika salama. Basi lilikuwa basi. Teresiah alinipokea kwa kuniambia nimekuwa mweusi kama sufuria ya kukodisha.

Wewe ulikuwa jikoni muda mwingi, kwa hiyo wacha nikusimulie mahali unapoishi.

Asubuhi ya kwanza Kilonzo, mwongozaji wenu, alinipeleka kwenye uwanda wa mawe meusi. Mawe huku, mawe kule, kama fundi aliyemaliza kazi akaondoka bila kufagia. Mbali kidogo choroa walikuwa wamesimama na pembe zao ndefu, hawali, hawaendi, wanangoja tu siku ipite. Mbuni mmoja alipita na shughuli zake. Kisha Kilonzo akaninong'oneza, "Mzee, usisogee. Kipozamataza."

"Wapi?"

"Mbele ya kiatu chako."

"Hilo ni jiwe."

"Si jiwe, mzee."

"Kilonzo, kijana wangu, mimi naona vizuri. Jiwe nalijua."

Jiwe likaruka. Likaimba kidogo hewani, likashuka, likawa jiwe tena. Nilisimama mdomo wazi mpaka nzi akaingia kuangalia. Huyo ndiye ndege ambaye watu wanavuka bahari kumwona, na ndiye yule bibi aliyekuwa anamtaka siku ile, ng'ambo ya laga, mawingu yakiwa yameshashika milima. Kilonzo anasema Wafula alikuwa hawezi kumnyima mgeni. Sikumuuliza, alisema mwenyewe. Nimelitii agizo lako.

Kisimani ndiko nilikokaa zaidi. Wale ndege wenu firigogo wanakuja asubuhi kwa makundi, wananung'unika kama akina mama wa foleni ya maji. Wengine wanakunywa na kuondoka. Lakini dume mwenye watoto anaingia majini mpaka kifuani, anajitikisa, manyoya ya tumbo yananyonya maji kama sponji, halafu anaruka na uzito ule hadi alikowaacha, mbali huko jangwani, na vifaranga wanamnyonya tumboni. Nilidhani Kilonzo ananitania kwa kuwa natoka mjini. Nikafungua kitabu, ukurasa haukuwa na uji, na ni kweli. Nikakaa nikiwatazama wanavyoondoka wameloa. Nikawaza kuhusu yule ambaye mwewe atamkuta njiani. Watoto wake watajuaje? Watakaa tu wakitazama juu.

Siku ya mwisho ukanipeleka kwenye laga. Nilitarajia mto. Nikakuta barabara ya mchanga, mkavu kama unga. Ukaninyoshea kidole juu, nikaona magogo yamenasa kwenye matawi ya migunga, juu kabisa ya kichwa cha mtu mrefu. Maji yalifika pale. Gari bado lipo, nusu limezikwa. Magurudumu yameshakwenda, viti vimekwenda. Nimekunja bati maisha yangu yote na sijawahi kuona bati lililokunjwa namna ile.

Ndipo akaja mzee mmoja na ngamia wake. Alinitazama usoni kwa muda, akacheka kwa furaha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama tunajuana, akasema maneno. Ukamjibu upesi kwa Kiborana, akaacha kucheka.

Nikakuuliza, "Amesema nini?"

"Anauliza kama unauza masanduku."

Nikastaajabu sifa zangu zimefika mbali. Mpaka leo nastaajabu.

Nangila, nimeona nilichokuja kuona. Hakuna mtu aliyetoka mle. Nitasimama na Mama. Desemba tutamzika, na nakuomba uwepo.

Najua tulipokuwa jikoni uliniuliza tena habari za kifua cha Mama, nami nikakuomba chumvi. Chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Patrobas


Elgesa
3 Novemba 2024

Kaka Patrobas,

Salamu, na pole na kazi. Mvua imeanza kwenye milima. Lori la maji linakwama, la kuchekesha ni kwamba linakwama majini. Sijui barua hii itakufikia lini, kwa hiyo nasema mambo machache.

Nakuomba usizike Desemba. Sikuombi uache kabisa, nipe mpaka Pasaka. Kuna mtu nataka kuzungumza naye kwanza, na si rahisi kumpata. Akinijibu vile ninavyotaka, hamtahitaji mgomba.

Mzee wa ngamia hakuulizia masanduku. Acha hapo hapo.

Kuna jambo niliapa nisiliseme, Patrobas, na nilichoapia ni kikubwa kuliko wewe na mimi. Ungekuwa wewe ungenyamaza pia. Siku zote umejifanya msemaji lakini nakujua. Unasema mengi ili usiseme moja.

Mpeleke Mama kwa daktari. Usiniletee vumbi la mahindi tena.

Nangila


Bungoma, nyumbani
30 Desemba 2024

Dada yangu,

Barua yako ya Novemba nimeipata leo. Nuradin aliituma huku kwa dereva mmoja, ameomba radhi, anasema ilikaa kwenye lori lililokwama mpaka ikaota ukungu. Kweli imeota. Tulikwishazika.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya Krismasi. Baba Mdogo alikata mgomba hapo nyuma ya nyumba, wakaulaza uani juu ya shuka jeupe. Mama alikuwa kwenye kiti, blanketi mabegani na jua linawaka.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni Wafula, shemeji."

"Huyo si Wafula. Wafula alikuwa mrefu. Mnanizikia mtu mwingine."

Wakaleta suruali yake wakapimia. Mama akasema hiyo ni ya shule. Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Mama Patrobas, mgomba ni mgomba tu, Mungu anaelewa." Mama akamwambia, "Mungu hakumnyonyesha." Basi wakaenda kukata mwingine. Huo nao ukaleta ubishi, ndipo nikaitwa mimi, kwa kuwa kila mtu anakumbuka nilikuwa namfikia Wafula begani. Nikalala chini kando ya mgomba, fundi mzima, na suti yangu, Mama akiongoza: "Ongezeni. Ongezeni. Hapo. Hapo ndipo kichwa chake." Watu walitaka kucheka na hakuna aliyecheka. Nilikuwa natazama mawingu. Palipita ndege, sikumwangalia ni wa aina gani.

Ulipotosha akainuka kitini. Akauvisha shati mwenyewe. Vifungo vilimshinda, nikamfungia.

Walipofukia ndipo alipolia. Kilio kile alikuwa amekiweka tangu lile gari. Sijawahi kumsikia mtu akilia hivyo, na alipomaliza aliomba uji, akaunywa wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa majuma. Kwa hiyo usiniambie tulikosea. Labda tulikosea. Lakini alikunywa uji.

Mnyoaji aliuliza mtoto mwingine yuko wapi. Mama akasema, "Yule yuko na ndugu yake."

Sasa lile moja. Ni mapafu. Daktari alituambia tangu Januari, na akatuambia pia kwamba hakuna la kufanya zaidi ya kumtuliza. Si mimi niliyetaka kukuficha. Mama alinikataza. Alisema, "Ukimwambia Nangila atarudi, na Wafula atabaki kule peke yake. Mwache akae karibu naye." Ningemjibu nini? Ndiyo maana Desemba, ndiyo maana hakutaka kungoja Pasaka yako.

Huyo mtu wako uliyetaka kuzungumza naye, achana naye. Njoo. Safari hii njoo.

Patrobas


Elgesa
16 Machi 2025

Kaka Patrobas,

Salamu. Nilifika salama. Mbithi alitaka kuniongeza likizo nikakataa, sijui ningeitumia kufanya nini. Kisima kimeanza kupungua na firigogo wanakuja wengi.

Umeniandikia mara mbili tangu tumzike Mama, sikujibu. Siku ile uliponisindikiza barabarani ulisema, "Dada, una kitu mdomoni tangu uje. Ama ukiteme ama ukimeze." Nakitema.

Wafula hakufa.

Yule mzee wa ngamia alimkuta kichakani, chini sana ya pale ulipoliona gari, akamlaza kwake mpaka akapata nguvu, akampandisha kwenye lori la mbuzi linalokwenda Nairobi. Nilipofika huku mara ya kwanza alinieleza kabla sijakaa chini, akidhani nimekuja kushukuru. Alipokuona wewe, na sura zenu ni moja, alisema, "Umerudi! Mbona umezeeka hivi?"

Likizo yangu ya kwanza, Wafula mwenyewe alinifuata Eastleigh nikingoja basi. Kofia mpaka kwenye nyusi. Alisema alisikia redioni kwamba wamekufa wote wawili, yeye na yule bibi, na alipolisikia jina lake aliketi akapumua. Mtu aliye hai angeulizwa kwa nini alivuka laga na mgeni garini. Maiti haulizwi. Nikamwambia Mama analia. Akasema, "Afadhali alie kuliko anione kizimbani." Kisha akaniapisha kwa uhai wa Mama. Nikimwambia yeyote, Mama afe. Alinishika mkono nikayatamka maneno hayo, watu wakipita na mizigo yao.

Ndiyo sababu nilikaa huku. Nyumbani Mama angenisoma usoni kabla sijatua begi. Sikujua kwamba na yeye aliniacha huku kwa sababu yake.

Novemba nilimtumia neno aje kabla hamjachimba. Hakuja. Barua yako ya Desemba iliponifikia nilipanda gari la kwanza, na nilipofika Nairobi nilikwenda kwake kabla ya kuja nyumbani. Nikamwambia, "Mama yuko kitandani. Vaa viatu twende."

"Si mmeshanizika?"

"Ndiyo."

"Basi niende kama nani?"

Nikamwambia kuhusu mgomba ule wa kwanza, ule mfupi, na Mama alivyoukataa. Alicheka. Alicheka vizuri kabisa, kama zamani, kisha akageukia ukutani. Akasema akitokea sasa atapitishwa nyuma ya nyumba kama mwizi, wazee watatafuta kondoo, na Mama atakufa akimwona mtoto wake amesimama mbali asiruhusiwe kumgusa. Nilimwambia Mama atamgusa, Mama hamwogopi mzee yeyote. Akasema, "Nenda, Nangila. Utachelewa."

Nikaja peke yangu. Ulikuwa umetoka nje kukata kuni nilipoingia. Mama alifungua macho akaniona, hakufurahi. Aliniuliza, "Umemwacha na nani?"

Nikasema, "Yuko salama, Mama."

Akafunga macho. Alilala mpaka jioni, unakumbuka, tukadhani amepata nafuu.

Kiapo nilikitunza na Mama amekufa vilevile. Sasa sina nilichoapia. Ukitaka kumwambia Baba Mdogo mwambie, hutaki acha. Mimi nimechoka kuamua.

Dada yako,
Nangila

Nyongeza: Najua utauliza yuko wapi. Yuko mtaa wa Fedha, Nairobi hiyo hiyo yako. Anauza mayai.